Mwenye Nyumba Afunge Mwenyewe

Mtu wa kampuni ya gesi alipanda kutoka chumba cha chini akiwa amevua kofia, na Bernadine Tkach akajua hapo hapo kwamba habari si nzuri, maana watu wa gesi hawamvulii mtu kofia bure.

"Tanuru lenu la kupashia nyumba joto limepasuka kwa ndani," alisema. "Nyufa mbili. Linawavutisha moshi wenye sumu. Nimelizima, na mita ya nje nimeitia kufuli."

"Kufuli mpaka lini?"

"Mpaka mkaguzi wa halmashauri aweke sahihi kwamba mmefunga jingine." Alimwonyesha picha kwenye simu: kikaratasi chekundu kimening'inia kwenye tanuru kama hirizi. "Kile msikitoe. Kukitoa ni kosa."

"Na tukikiacha?"

"Mtapata baridi."

Ilikuwa Jumanne, katikati ya Januari, na theluji ya mji wa Brannock ilikuwa imefika kwenye kiuno cha kisanduku cha barua. Leonard, mumewe Bernadine, alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni kama mtu aliyefumaniwa. Kwa miaka arobaini Leonard alikuwa fundi wa matanuru ya nyumbani, akiwapasha joto nusu ya watu wa mtaa ule. Tanuru jipya la nyumba aliyokuwa akilala yeye mwenyewe lilikuwa gereji, ndani ya boksi lake, mwaka wa pili sasa, likingoja siku atakayopata nafasi. Alikuwa amestaafu kwa miaka mitatu.

"Usiseme kitu," alimwambia mkewe.

"Sijasema."

"Unatazama."

Mchana wa siku hiyo hiyo akaja Nesi Twyla Boggs, wa kaunti, ambaye kila Jumanne humfunga bandeji za miguu mama yake Bernadine. Mama huyo aliitwa Apolonia Hudak. Alikuwa na miaka tisini na mmoja, miguu iliyovimba, masikio mazima, na siku hiyo alikuwa na sweta tatu. Nesi Twyla alimfunga miguu, akasoma kipimo cha joto ukutani, akaguna, akatoa fomu.

"Nyuzi hamsini na nne za Fahrenheit," alisema. "Sheria inataka sitini na nane kwa mtu wa umri wake. Dada, mimi sipendi kufanya hivi. Nakupa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Nikikuta bado, nampeleka kwenye nyumba ya wazee, kwa muda tu."

"Dada yangu Verona alikwenda kwa muda," Apolonia alisema kutoka kwenye kiti chake. "Wiki mbili, walisema. Alikaa miaka sita, akatolewa na maua."

Nesi aliinamia fomu yake. Aliandika saa kumi, akapiga mstari chini yake.

Jumatano asubuhi, kwenye dirisha namba nne la halmashauri, Leonard aliweka leseni yake ya ufundi mbele ya karani kama mtu anayelaza karata ya ushindi. Karani alikuwa binti mwenye kucha ndefu za zambarau. Kibandiko kifuani kilisema Shavonne.

"Hii imekwisha, mzee."

"Nilistaafu."

"Basi umestaafu." Alimrudishia kwa ukucha mmoja. "Mtafute fundi mwenye leseni hai."

"Tumepiga simu kwa watano," Bernadine alisema. "Wa karibu kabisa ana nafasi tarehe tisa mwezi ujao. Anataka dola elfu tisa, na tanuru tunalo."

Shavonne aliwatazama, kisha akautazama msururu nyuma yao, kisha akainama kidogo. "Kuna kibali cha mwenye nyumba. Ukiwa unamiliki nyumba na unaishi ndani yake, unaruhusiwa kufunga mwenyewe. Unafanya mtihani hapa hapa, maswali kumi, ukipata saba umepita. Dola sitini na tano."

"Nipe mimi," alisema Bernadine.

Binti aligonga gonga kompyuta. "Nyumba si yako. Ni ya Apolonia Hudak."

"Ni mama yangu."

"Yuko hai?"

"Yuko kwenye gari."

Mwanasheria alikuwa amewaambia mara mbili wahamishe hati. Mara zote mbili Apolonia alijibu kwamba akifa wataichukua, haraka ya nini. Sasa aliletwa ndani na gongo lake la magurudumu, hatua kwa hatua, na watu wa msururu wakampisha wakidhani amekuja kulalamikia kodi. Alipewa kiti. Alipewa karatasi ya maandishi makubwa na penseli. Leonard aliinama begani kwake.

"Mzee, rudi nyuma ya mstari wa njano," alisema Shavonne.

"Namsaidia kusoma."

"Mstari wa njano."

Leonard akarudi nyuma ya mstari wa njano, fundi wa miaka arobaini, akasimama pale na kofia mkononi kati ya mtu aliyetaka kujenga ua na mtu aliyekatiwa maji.

Apolonia hakuandika kimya kimya. "Bomba la moshi lielekee chini kiasi gani? Robo inchi kila futi, lirudi kwenye tanuru, maji yasisimame. Binti, hili ni swali la watoto. Koki ya gesi iwe umbali gani? Ndani ya futi sita. Uvujaji wa gesi unapimwaje? Kwa maji ya sabuni. Si kwa kibiriti. Alikuwapo mtu kanisani kwetu, Ostap, alitumia kibiriti. Nyusi zake hazikurudi."

"Bibi, andika tu."

"Naandika."

"Umejifunza wapi haya yote?"

"Nimekula chakula cha jioni meza moja na huyu mwanamume miaka arobaini," alisema Apolonia bila kuinua kichwa. "Hana habari nyingine."

Alipata tisa. Alitaka kuambiwa ni lipi alilokosa, na hakukubali kuondoka mpaka aambiwe. Lilikuwa la mashine ya kupoza hewa.

"Ya kupoza hatuna," alisema. "Tunafungua dirisha. Swali hilo halikunihusu."

Ikaja karatasi ya kiapo. Apolonia aliomba isomwe kwa sauti, na Bernadine akaisoma: kwamba mimi mwenye nyumba naapa kazi hii nitaifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

"Weka sahihi, Mama," Leonard aliita kutoka kwenye mstari. "Kila mtu huweka."

"Kila mtu haendi kuungama Jumamosi kwa Padri Emerik. Mimi naenda." Akamgeukia karani. "Huyu mkwe anaruhusiwa kufanya nini?"

Shavonne akafunua kijitabu. "Kubeba vitu vizito. Kushauri. Kushika taa."

"Basi atashika taa," alisema Apolonia, akaweka sahihi, herufi moja moja, kama mtu anayeshona kifungo.

Kwenye gari Leonard alicheka peke yake mpaka kwenye taa za pili za barabarani. Kisha akatazama kwenye kioo, akaona uso wa mkwewe kwenye kiti cha nyuma, usio na mzaha hata kidogo, akaacha kucheka.

Ngazi za chumba cha chini zilikuwa kumi na tatu. Apolonia alizishuka kwa makalio, moja baada ya nyingine, Bernadine mbele yake akitembea kinyumenyume. Leonard na jirani walikuwa wamekwisha kulitoa tanuru la zamani na kulisimamisha jipya mahali pake, maana kubeba si kufunga. Walimpigia Shavonne simu kuuliza, na Shavonne akafunua kijitabu. Apolonia aliketishwa kwenye kiti cha jikoni mbele ya tanuru, blanketi magotini, taulo kichwani. Akanyoosha mkono.

"Bisibisi."

"Ile yenye mpini mwekundu, Mama," alisema Leonard. "Skrubu ya kushoto kwanza."

"Kushoto kwangu au kwa tanuru?"

"Tanuru halina kushoto."

"Basi usiseme kushoto. Sema upande wa mashine ya kufulia."

"Upande wa mashine ya kufulia. Hapana, hiyo ni nati. Mama, hiyo ni nati."

"Leonard, taa inatikisika."

"Natetemeka."

"Baridi?"

"Si baridi."

Skrubu ambayo yeye angeikaza huku akipiga mluzi ilimchukua mama mkwe dakika kumi na moja. Leonard aliziona zote. Aliona bisibisi ikiteleza, aliona bomba likikatwa refu, likikatwa tena, likikatwa fupi, aliona futi nane za bomba zikienda kwenye takataka. Kufikia saa kumi jioni alikuwa ameikalia mikono yake, taa ameibana kwapani.

"Kazi hii ulikuwa unaifanya kwa siku ngapi?" Apolonia aliuliza.

"Asubuhi moja."

"Na ulikuwa ukirudi umechoka hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuwa nadhani unajidai." Akanyoosha mkono. "Spana."

Bernadine aliwaletea supu, akarudi na bakuli tupu, akaleta magunia ya maji ya moto ya kumwekea mama miguuni. Mara tatu alisema inatosha. Mara tatu mama yake alimwuliza kama amewahi kumwona Verona katika kile chumba chake cha mwisho, dirisha linaloangalia ukuta, na Bernadine, aliyekuwa amemwona, akapanda kufua mataulo.

Alhamisi mchana kulibaki kazi moja kubwa: kuunganisha sanduku la bati la juu ya tanuru na njia zinazopeleka hewa vyumbani. Apolonia alikata bati kwa mkasi kwa mikono yote miwili, akalikunja alivyoweza, akapaka gundi nzito ya kijivu, ile inayofanana na uji ulioganda. Aliipaka nyingi. Ilimwagika pande zote, ikaingia kwenye sweta mpaka kwenye viwiko. Kisha alipandishwa juu, akalala.

Bernadine aliposhuka kuchukua bakuli alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya kiungio cha upande wa nyuma, mkasi wa bati mkononi. Kiungio cha mama kilikuwa sakafuni, kimejipinda kama jani la kabichi. Mahali pake palikuwa na kingine, kilichokunjwa mara mbili na kugongwa kikalala, kimenyooka kama ukingo wa Biblia.

"Kilikuwa na nafasi ya kidole kizima," Leonard alisema. Hakumtazama. "Joto lote lingeishia huku chini. Lisingefika chumbani kwake. Berna, hicho kimoja tu."

"Aliapa."

"Yeye aliapa. Mimi sikuapa."

Alikuwa na machozi, mtu mzima yule, kwa sababu ya bati. Bernadine aliangalia kile kiungio. Kilikuwa kizuri. Aliokota lile jani la kabichi, akalizungushia gazeti, akalisukumia ndani kabisa ya pipa, akapanda ngazi na bakuli lake.

Mkaguzi alifika Ijumaa saa saba na robo. Aliitwa Dale Pruitt, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye ubao wa kuandikia uliofungwa penseli kwa kamba. Alishuka chini, akamkuta Apolonia kwenye kiti chake cha jikoni akiwa amevaa vazi lake la kanisani, mikono yake ya kijivu juu ya mapaja.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi, kijana."

Dale Pruitt alimtazama Leonard. "Tunajuana, Tkach."

"Hatujawahi kukutana," Leonard alisema.

"Hatujakutana, lakini tunajuana. Kazi yako nimeikuta chini ya nusu ya nyumba za mtaa huu. Hakuna hata moja yenye kibali. Na hakuna hata moja niliyoweza kuthibitisha ni ya nani."

Leonard alitazama dari.

Mkaguzi akaanza. Aliweka pimamaji juu ya bomba la moshi, akalitazama pembeni, akaandika. Akapaka maji ya sabuni kwenye viungio vya gesi, akapachika pampu yake ndogo ya hewa, akangoja povu ambalo halikuja. Aliangalia skrubu, nyingine zimekaa upande, nyingine mbili mahali pa moja. Akaangalia ile gundi.

"Hii ni mbaya," alisema.

"Najua," alisema Apolonia.

"Mbaya kabisa. Lakini haivuji." Akaandika. Kisha akazunguka nyuma, na penseli ikasimama.

Alikaa huko nyuma muda mrefu.

"Hiki kimekunjwa mara mbili," alisema Dale Pruitt taratibu, "halafu kikagongwa kikalala. Namjua mtu mmoja tu anayekunja hivi. Nimekuwa nikimtafuta tangu nipate kazi hii." Alijitokeza na ubao wake. "Bi Hudak, hiki nani alifunga?"

Leonard alifungua mdomo. Bernadine akamwahi.

"Ni Leonard, mama akiwa amelala. Mimi nilimwona, nikanyamaza, na cha mama nikakitupa."

Apolonia aligeuka kwenye kiti pole pole mpaka akawaona wote wawili. Hakukasirika. Ilikuwa afadhali angekasirika.

"Changu kilikuwa na nini?"

"Kilikuwa na nafasi, Mama," alisema Leonard. "Ya kidole."

"Ungeniambia kina nafasi. Ningekibandua nikafunga kingine. Nimekaa hapa siku mbili na mkojo umenibana, unafikiri nilikuwa nacheza?" Akamgeukia mkaguzi. "Kijana, sheria inasemaje?"

"Kitoke. Mwenye nyumba afunge mwenyewe. Naweza kurudi Jumanne."

"Jumanne mimi sipo hapa." Akanyoosha mkono. "Mkasi."

Dale Pruitt alitazama saa. Alikuwa na nyumba nyingine mbili za kukagua. Alimtazama yule mwanamke akipima bati kwa shibiri kwa sababu tepu ilikuwa haimtii, kisha akavuta ndoo ya sabuni, akaigeuza, akaikalia.

"Wewe ondoka," alimwambia Leonard. "Taa nipe mimi."

Ilichukua saa moja na nusu. Kipande cha kwanza kilienda kwenye takataka. Leonard alisimama kwenye ngazi ya tatu akishauri kwa sauti ya chini, "Ingiza ulimi wa bati ndani, Mama, sasa bana, bana na koleo, usivute," na mara moja mkaguzi mwenyewe akasahau, akanyoosha kidole kushika ukingo, akakirudisha haraka kama aliyegusa jiko. Kiungio kilipokwisha kilikuwa na mikunjo saba, hakuna uliolingana na mwenzake. Dale Pruitt akapitisha kidole kuzunguka kote. Hakikupita popote. Akaweka sahihi kwenye karatasi ya kijani, kisha akapiga simu kampuni ya gesi na kusema anataka kufuli litoke sasa, si kesho, na kwamba hapana, hatashika foleni ya simu.

Kabla ya kuondoka alimkaribia Leonard. "Hizo nyumba nyingine."

"Nyumba gani?"

"Basi," alisema Dale Pruitt, akavaa kofia.

Tanuru liliwaka saa tisa na dakika ishirini na tano.

Nesi Twyla alibisha hodi saa kumi kamili, begi begani, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nje gari la kaunti liliendelea kunguruma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha ukutani.

"Sitini na moja."

"Inapanda," alisema Bernadine.

"Dada, fomu yangu haina inapanda. Ina sitini na nane, na ina chini ya sitini na nane."

"Fomu yenyewe inasema saa ngapi?"

"Niliandika saa kumi."

"Uliandika wewe. Iliyopigwa chapa inasemaje?"

Nesi aliisoma. "Inasema Ijumaa."

"Ijumaa yako inaisha saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi kaa. Kahawa iko jikoni."

Nesi Twyla alitoka akazima gari, akarudi, akaketi kwenye ukingo wa sofa, begi magotini, kama mtu aliyeko kituoni. Apolonia alikuwa kwenye kiti chake karibu na tundu la hewa, kichwa kimeanguka begani, amelala. Ili muda usipotee, nesi akaanza maswali mengine ya fomu.

"Anapanda ngazi?"

"Anashuka kwa makalio. Anapanda kwa mikono."

"Niandike anapanda au hapandi?"

"Leo mara moja. Jana mara mbili."

Akaandika. "Anaweza kazi ndogo ndogo za nyumbani?"

Bernadine akampa ile karatasi ya kijani. Nesi akasoma upande wa mbele, akageuza, akasoma upande wa nyuma, akarudi mbele mahali palipoandikwa fundi, na jina, na umri. Akaitazama ile mikono ya kijivu mpaka kwenye viwiko.

"Kazi ndogo ndogo," alisema, akatia alama kwenye ndiyo.

Saa kumi na nusu ikawa sitini na tano. Leonard hakuweza kuangalia; aliomba ruhusa ashuke chini akasikilize tu, bila kugusa, na Bernadine akampa. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi ikawa sitini na saba, ikakaa hapo kana kwamba imepata mahali pazuri. Tundu la hewa lilipuliza pazia, pazia likapanda, likashuka. Kisha Nesi Twyla akasimama, akaenda ukutani, akakaribia mpaka pua ikakaribia kugusa.

Aliandika sitini na nane. Akapiga mstari chini yake.

"Bado sahihi ya mama hapa chini," alisema.

Bernadine alimtazama mama yake. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Sweta moja ilikuwa imeteleza mpaka sakafuni.

"Nimwamshe?"

Nesi Twyla alitazama saa yake, ambayo ilikuwa imepita kumi na moja.

"Hapana," alisema. "Mwache alale." Akaketi tena, safari hii akaegemea, akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine.